Jinsi ya kulisoma donda la mpelelezi ambaye si mtoto kipenzi

Usiitazamie tamthilia ya upelelezi kwenye simu ndani ya matatu ya Thika Road. Donda la upendeleo, yaani maumivu ya mtoto ambaye mzazi humpenda zaidi ndugu yake, halitangazwi, huonekana usoni, na kioo kidogo huficha uso. Tafuta televisheni, daftari na utulivu. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha usubiri, maana sauti inayoshuka ghafla ndiyo dalili yenyewe.

Wa kujifunzia ni Robert Goren, mpelelezi wa Law & Order: Criminal Intent, tamthilia ya Marekani iliyorushwa 2001 hadi 2011; anaigizwa na Vincent D'Onofrio. Mama yake, Frances, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Goren ndiye anayempigia simu, ndiye anayekwenda kumwona. Anayesifiwa ni Frank, kaka mkubwa aliyezama kwenye dawa za kulevya. Mkazi wa Nairobi anayetuma pesa za matibabu nyumbani kila mwezi, kisha akipiga simu anaulizwa "Na kaka yako, umemwona?", hahitaji kufafanuliwa.

Tazama kipindi mara mbili. Mara ya kwanza fuata kesi tu. Mara ya pili jibu unalijua, kwa hiyo macho yako huru: andika kila swali ambalo mpelelezi anauliza kuhusu familia ya mshukiwa, pamoja na dakika yake. Kisha lipime. Swali hilo likiondolewa, mshukiwa bado angekiri? Kama angekiri, huenda halikuwa swali la kesi. Lilikuwa lake mwenyewe.

Hapo ndipo wengi huteleza. Goren hutumia habari za familia kama chambo. Huinama, huinamisha kichwa mpaka akutane na macho ya mshukiwa, na huenda akaonekana anaumia kumbe yuko kazini. Tofauti iko baada ya kukiri. Chambo huisha mshukiwa akishatolewa chumbani; maumivu hubaki. Kwa hiyo rudisha sekunde 10 za mwisho za mahojiano, zima sauti kabisa, utazame mikono na mabega. Je, analegea kama aliyemaliza kazi, au amesimama tu, faili mkononi, hajui pa kwenda? Mtazame pia Eames, mwenzake. Akimtazama Goren badala ya mshukiwa, weka alama. Mwandishi wa tamthilia anakuonyesha pa kuangalia.

Muziki usiuhesabu. Huwekwa ili ulie, hata pale mwigizaji hajafanya lolote.

Wala usianze na "Endgame", kipindi cha mwisho cha msimu wa 6 (2007). Humo mama anafariki, na msiba hufunika kila kitu: utaona mtoto anayeomboleza, usimwone aliyengoja miaka yote kutajwa. Anza na vipindi vya nyuma, vile ambavyo mama bado yuko hai na simu bado inaita.