SOMO: Kiuno kinapouma mpaka mguuni

Leo nazungumzia maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na kuteremka nyuma ya paja hadi chini ya goti, kwa kawaida mguu mmoja. Yanapiga kama shoti ya umeme, ganzi inafuata, na ukikohoa yanazidi. Mara nyingi ni diski (kama mto laini) iliyo kati ya pingili za chini za mgongo imechomoza ikabana mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu.

Hatua ya 1. Angalia hatari kwanza. Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kujitokea, choo kutoka bila kujijua, miguu yote miwili kulegea: nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Ukiwa na homa, jasho la usiku na mwili unapungua, kapime TB. Hushika hata uti wa mgongo.

Hatua ya 2. Lala chali, mtu akunyanyulie mguu unaouma ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla ya nyuzi 70, huenda ni neva. Kisha tembea kwa visigino. Unyayo ukigoma kunyanyuka, muone daktari upesi.

Hatua ya 3. Usijilaze wiki nzima! Siku moja au mbili zinatosha, kisha tembea kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12.

Hatua ya 4. Ibuprofeni au diklofenaki, baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito asijinunulie. Sindano za takoni kila siku siziungi mkono kabisa: ikichomwa pabaya inajeruhi neva ileile unayoitibu.

Hatua ya 5. Wiki 6 zikipita bila nafuu, rudi kwa daktari mzungumzie MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha diski na neva. Upasuaji ni wa wachache.

MASWALI

Shikamoo daktari. Naendesha bodaboda, niache kazi?
– Marahaba, ila mimi ni wa mazoezi tiba, si daktari. Usiache. Ukishusha abiria, shuka nawe unyooshe mgongo. Magunia waachie wenzako kwa sasa, na pochi nene itoe mfuko wa nyuma.

Eksirei imetoka safi, mbona mguu bado unawaka?
– Eksirei huonyesha mifupa. Diski na neva hazionekani humo, kwa hiyo picha safi haikufanyi uwe mwongo.

Kuna bibi anakanyaga watu mgongoni, niende?
– Akuchue misuli kwa mafuta, sawa. Kukanyagwa hapana.

Mama yangu mzee akitembea kidogo miguu yote inauma, akikaa au kuinama inatulia.
– Hiyo huwa njia ya neva mgongoni imekuwa nyembamba kwa umri, ingawa mishipa ya damu ya miguu nayo ikiziba huleta kitu kinachofanana. Mpeleke akapimwe vyote viwili.