Kabla Hujatafuta Upande Usiojulikana wa Pembetatu Mraba: Mambo ya Kuzingatia

Nilipokuwa napaua kibanda changu kule Chanika, nilipima nusu ya upana wa nyumba nikapata mita 3.6. Nikaenda kuchukua mbao za mbili kwa nne za futi 12. Futi 12 ni kama mita 3.66, nikajiona mjanja, zimetosha na kidogo kinabaki. Kirikuu kikashusha mzigo. Fundi akashika ubao mmoja, akauinamisha kutoka juu ya ukuta kuelekea usawa wa kofia, yaani kilele cha paa, ukaishia hewani. Akacheka. "Bosi, hii imekula kwako."

Kupima sikukosea, ila niliupima upande uliolala nikaununulia mbao za upande wa mteremko.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kugusa kikokotozi, nachora pembetatu. Hata nyuma ya mfuko wa saruji panafaa. Weka kialama kwenye pembe mraba, yaani ile ya digrii 90, kisha tazama upande unaotazamana nayo. Huo ndio mrefu kuliko wote, ule walimu wanaouita haipotenusi. Kwenye paa ni mteremko, kwenye ngazi iliyoegemezwa ukutani ni ngazi yenyewe, kwenye msingi ni kamba inayokatiza kona. Ukishaujua huo, kazi kubwa imekwisha.

Kinachofuata ni kujiuliza: ninaoutafuta ni huo mrefu, au ni mmoja wa wafupi? Ukiwa ndio mrefu, unazidisha kila mfupi kwa wenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili; hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras. Paa langu lilipanda mita 1.5 kutoka ukutani hadi kwenye kofia. 3.6 mara 3.6 ni 12.96, 1.5 mara 1.5 ni 2.25, jumla 15.21, na kipeuo chake cha pili ni 3.9. Ongeza sentimita 60 za kutokeza nje ya ukuta, unafika mita 4.5, karibu futi 14 na inchi 9. Ubao wa futi 12 ungefikaje?

Ukiwa unatafuta mfupi, badala ya kujumlisha unatoa. Ngazi ya mita 5, mguu wake uko mita 1.4 kutoka kwenye mnara wa tenki la maji: 25 toa 1.96 ni 23.04, kipeuo chake 4.8. Ngazi itagusa mita 4.8 juu. Wengi wanajumlisha hapa kwa mazoea, wanapata ngazi inayofika juu kuliko urefu wake yenyewe, na bado wanaandika jibu.

Halafu kuna hili ambalo darasani halisumbui kwa sababu kitabu kimeshakuchorea kijiboksi kwenye kona: je, hiyo pembe ni mraba kweli? Kanuni ya Pythagoras haifanyi kazi kwenye kona iliyopinda. Uwanjani unaihakikisha kwa tatu-nne-tano. Pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kamba ya kukatiza isome 5 kamili. Eneo likiruhusu tumia 6, 8 na 10, maana kosa dogo la futi kamba linapungua makali. Na usidharau sentimita. Kamba ikisoma 5.05 badala ya 5, kona imeshafunguka zaidi ya digrii moja, na ukuta wa mita 10 utakuwa umetoka nje kwa karibu sentimita 21. Kwenye mchanga wa Kigamboni, ambako kigingi kinalegea ukikikanyaga tu, mimi ningepima asubuhi na kurudia kabla ya kumwaga zege.

Vipimo viwe vya aina moja. Mwenye duka anaongea futi, ramani inaongea mita, na fundi anachanganya vyote kwenye sentensi moja. Chagua kimoja, geuza vingine kabla ya kuanza hesabu. Mtego mkubwa ni inchi: futi 5 na inchi 6 si 5.6, ni 5.5, kwa sababu futi ina inchi 12 na si 10. Nimeona kenchi, zile fremu za mbao za paa, zikikatwa upya kwa hilo.

Kama una upande mmoja tu na pembe, Pythagoras peke yake hakusaidii. Hapo ndipo saini, kosaini na tanjenti zinaingia, yaani uwiano wa pande mbili za pembetatu mraba kulingana na pembe. Kwanza kagua kikokotozi cha simu. Piga saini ya 30. Ikija 0.5, endelea. Ikija -0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, kirudishe kwenye digrii. Ndipo unagawanya: mita 3.6 kwa kosaini ya mteremko wa digrii 22.6, unarudi kwenye 3.9 ileile.

Na kabla ya kulipia, jibu la upande mrefu lipitishe kwenye chujio moja: lazima lizidi kila upande mfupi, na lisifikie jumla ya wafupi wote wawili. Kwangu lilipaswa kuwa kati ya 3.6 na 5.1. Zile mbao za kwanza muuzaji alikataa kuzipokea, kwa hiyo fundi aliziunga mbilimbili, akanidai na pesa ya misumari.