Kusoma Takwimu za Wanaoingia na Kutoka Tiba ya Uraibu

Afisa ustawi wa jamii wa Mtwara anayetaka kuandaa rejista ya waraibu atajifunza mengi kwenye takwimu za TEDS za Marekani, yaani kumbukumbu za vipindi vya tiba ya uraibu, zinazotolewa bure na SAMHSA, wakala wa serikali ya huko unaoshughulikia uraibu na afya ya akili. Anza na faili la waliopokelewa, kisha la walioruhusiwa. Zingatia sana kwamba kila mstari ni kipindi cha tiba, si mtu: kijana aliyepokelewa mara tatu kwa mwaka huhesabiwa mara tatu. Alama -9 huonyesha taarifa isiyopatikana, hivyo usiiingize kwenye wastani. Katika safu ya sababu ya kutoka, tenganisha waliomaliza, walioacha njiani na waliohamishiwa kituo kingine; rejista yetu, iwe ya Mikindani au Newala, ikikosa safu hiyo, hatutajua nani wa kufuatwa nyumbani.