Kushusha fomula kwenye safu bila kuharibu rangi za orodha

Tuseme mweka hazina wa chama cha wakulima wa kahawa huko Mbale ana orodha ya wanachama 240 kwenye jedwali la Excel. Safu C ni kilo, D ni mkopo wa kukatwa, na bei ya kilo imekaa H1. Seli za wasiolipwa katika safu E zimepakwa njano. Anaandika E2:

=C2*$H$1-D2

Kilo 64 kwa bei ya 12,000, ukitoa mkopo wa 150,000, ni shilingi 618,000. Sasa akivuta kile kimraba cha pembeni mwa seli, au akibonyeza Ctrl+D, fomula inashuka pamoja na umbo la E2, ambayo haina njano. Njano inafutika safu nzima, na hakuna anayejua tena nani anadai.

Katika Excel, njia tunayoipenda ni hii. Nakili E2 kwa Ctrl+C. Kwenye kisanduku cha jina, juu kushoto, andika E3:E241 kisha Enter. Hakuna haja ya kuburuta panya mistari mia mbili. Bonyeza Ctrl+Alt+V, halafu F, halafu Enter. Fomula tu ndiyo inayoingia. Ila mkato wa maelfu nao ni umbo, kwa hiyo huenda ukaona 618000 tupu. Ukiutaka uje, badala ya F bonyeza R: inaleta fomula na umbo la namba, rangi inabaki ilivyo.

Ukishavuta tayari, usifute kazi. Bofya alama ndogo inayotokea mwisho wa safu, uchague Fill Without Formatting. Ukiandika kitu kingine kwanza, alama hiyo inatoweka. Hapo ni Ctrl+Z na kuanza upya.

Google Sheets: nakili, chagua seli, kisha Edit, Paste special, Formula only. LibreOffice ni Ctrl+Shift+V, uache tiki kwenye Formulas peke yake.

Makosa mengi wala si ya rangi. Ukisahau alama za dola, mstari wa 3 utasoma H2, ambayo haina kitu. Kilo zinazidishwa kwa sifuri na mkulima anaonekana anadaiwa mkopo wote kwa namba hasi. Weka kishale kwenye H1 ndani ya fomula, bonyeza F4, dola zinaingia zenyewe. Jibu moja likijirudia mistari yote, ukokotoaji umewekwa wa mkono: bonyeza F9, kisha nenda Formulas, Calculation Options, uchague Automatic. Na ukiandika fomula ikabaki imeandikwa vilevile kwenye seli, seli hiyo imewekwa kuwa Text. Ibadilishe iwe General, kisha F2 na Enter.

Seli zilizounganishwa katikati ya safu zitenganishe kwanza, maana huenda zikakataa kubandikiwa.