Restora yako Goma: utajua namna gani saa ya kubadilisha ndani imefika

Usianze na rangi. Kaa kwenye kila meza yako saa sita ya mchana, wakati watu wako wengi, ukule fufu na sambaza (samaki ndogo ya ziwa Kivu) pale pale, utasikia mwenyewe wapi moshi ya makala inaingia, wapi mlango unakugonga mgongo, wapi kuko giza. Kama kuna meza watu wanaikimbia hata kukijaa, panga viti upya kwanza, na njia ya wenye wanaleta sahani. Ukuta ukiwa mweusi sababu ya vumbi ya volkano, hiyo ni kuosha na kupaka tu. Lakini kliyenti wa zamani wakianza kuomba chakula ya kubeba na bado wanasifu mpishi, ni kusema chakula wanapenda lakini kukaa ndani hawapendi tena: apo sasa ita fundi abadilishe ndani, na umulipe vizuri tafazali.