Somo: Namna ya kuhudhuria mhadhara wa historia chuoni hata kama hukusomea historia

Wengi wetu tunapita langoni mwa Chuo Kikuu cha Maseno au cha Egerton tukielekea shughuli zetu, na hatujawahi kuingia kusikiliza idara ya historia ikizungumza. Tunadhani ni mambo ya wanafunzi. Mhadhara wa umma ni wa umma, na mwenye swali zuri pale ukumbini mara nyingi si mwenye shahada.

Hatua ya 1: Jua unaenda kwenye nini. Mhadhara wa umma una msemaji mmoja, ukumbi mkubwa na lugha ya kueleweka. Mhadhara wa uzinduzi ni wa profesa aliyepandishwa cheo. Kuna majoho na itifaki nyingi, maswali machache au hakuna. Semina ya idara ni chumba kidogo, mtu analeta utafiti ambao bado haujaiva na wenzake wanamkosoa. Mimi napenda hii ya mwisho, maana hapo ndipo utaona wasomi wakibishana kwelikweli. Ila uliza kwanza kama wageni wanaruhusiwa.

Hatua ya 2: Pata tangazo mapema. Mabango hubandikwa siku chache tu kabla. Nenda ofisi ya idara, msalimie katibu vizuri, umwombe akuweke kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa. Katibu ndiye anayejua kama ukumbi umebadilishwa.

Hatua ya 3: Jiandae nyumbani. Hapa ndipo wengi hulegea. Chukua mada, utafute jambo moja tu la kuishikilia. Tuseme mada ni reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Lakini wakati huo Kisumu haikuwa chini ya utawala wa Waingereza wa Mombasa, uliokuja kuwa Kenya. Eneo lote kuanzia Naivasha hadi Ziwa Victoria, Nakuru ikiwemo, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi Waingereza walipolihamishia upande wa Kenya 1902. Ukijua hilo tu, tayari una swali: barua za maafisa wa miaka hiyo, msemaji alizisoma Nairobi au Entebbe, kulikokuwa na makao ya serikali ya Uganda? Amini usiamini, swali hilo litamfanya avue miwani.

Kisha uliza mzee mmoja wa kwenu kuhusu mada hiyo hiyo. Andika alivyosema, usimrekebishe.

Hatua ya 4: Fika. Beba kitambulisho, langoni utaulizwa. Kaa karibu na mbele, maana vipaza sauti vya kumbi zetu tunavijua.

Hatua ya 5: Sikiliza ukiwa na kalamu. Usiandike kila kitu. Kila msemaji akidai jambo zito, andika pembeni: amejuaje? Ni faili la serikali, gazeti, mahojiano au masimulizi?

Hatua ya 6: Uliza. Ukipewa maikrofoni, taja jina na unakotoka, taja ulichosikia, kisha uliza swali moja. Mfano: "Umesema vijana wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi mwaka 1917 kuwa wapagazi wa vita. Majina yao yaliandikwa na chifu au na ofisi ya wilaya?" Umemaliza, keti. Usiwe yule bwana wa "sina swali, nina mchango tu," ambaye anaanzia kwa babu wa babu yake mpaka mwenyekiti anaangalia saa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanakikundi wa Kondele: Kiingereza changu si cha mhadhara. Naweza kuuliza kwa Kiswahili?

Uliza bila wasiwasi. Msemaji akiwa mgeni, mwenyekiti atatafsiri.

Mwanakikundi wa Njoro: Tuna risiti ya babu ya kodi ya nyumba, ile iliyotozwa na serikali ya kikoloni. Niwapelekee?

Peleka picha, ya asili ibaki nyumbani. Usiitie plastiki ya moto. Joto na gundi huharibu karatasi na huwezi kurudi nyuma. Angalia pia fedha iliyoandikwa. Kama ni rupia, risiti hiyo ni ya zamani sana, kwa sababu rupia ilianza kuondolewa 1920, ikaja florin kwa muda mfupi, kisha shilingi.

Mwanakikundi wa Siaya: Mama yangu anataja vizazi vya ukoo wetu kwa majina. Wasomi si watasema ni hadithi?

Wa zamani wangesema hivyo. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem, aliijenga historia ya Wajaluo kwa masimulizi kama hayo, akihesabu vizazi ili kukadiria miaka. Mrekodi mama, kwa ruhusa yake, na umuulize naye alisimuliwa na nani. Hilo la mwisho ndilo mtafiti atakalotaka kwanza.

Mwanakikundi wa Kakamega: Nikitaka kusoma mafaili yenyewe, lazima niende Nairobi?

Hifadhi kuu ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, Moi Avenue, lakini ina vituo vya mikoani, Kisumu, Nakuru na kwenu Kakamega vikiwemo. Piga simu kabla ya kupanda gari, uulize faili unalotaka liko wapi. Kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa zikishatimiza miaka 30.

Mwanakikundi wa Nakuru: Na chai ipo?

Inategemea bajeti ya idara. Kula kabla ya kwenda.