Kutoka urani hadi risasi: kuhesabu alfa na beta bila kubahatisha

Nafundisha fizikia kidato cha nne, na kila mwaka neno "kuoza" linatuponza. Mtoto akilisikia anawaza nyanya inayolainika siku hadi siku. Kwetu kuoza ni kiini cha atomi kurusha chembe au nishati, na kiini hakizeeki kama nyanya. Atomi ya urani-238 inaweza kukaa miaka bilioni moja ikiwa ileile, kisha ikaoza sasa hivi bila dalili yoyote.

Chukua daftari tuifuate.

Hatua ya 1. Andika juu namba ya masi (jumla ya protoni na nyutroni), 238, na chini idadi ya protoni, 92.

Hatua ya 2: alfa. Protoni mbili na nyutroni mbili zinatoka zikiwa zimeshikana. Juu punguza 4, chini punguza 2. Unapata 234 na 90, na hiyo si urani tena, ni thori. Karatasi tu inatosha kuizuia alfa, ila ukimeza au kuvuta vumbi linaloitoa, umekwisha jiumiza vibaya.

Hatua ya 3: beta. Nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inachomoka. Juu inabaki 234, chini inaongezeka 1: 91, protaktini. Hapa ndipo nusu ya darasa huanguka. Wanaona kitu kimetoka, basi wanapunguza. Usipunguze! (Ipo pia beta chanya, protoni ikigeuka nyutroni, lakini katika njia hii ya urani hutaikuta.)

Hatua ya 4: gama. Kiini kinatoa nishati iliyozidi. Namba usiziguse. Kuipunguza makali kunataka risasi nene (ile metali nzito, si ya bunduki).

Hatua ya 5. Sasa safari nzima. Urani-238 inaishia kwenye risasi-206, yenye protoni 82. Anza na alfa, maana ndiyo pekee inayobadili namba ya masi: 238 − 206 = 32, gawa kwa 4, alfa 8. Hizo zimeondoka na protoni 16, kwa hiyo zingebaki 76. Mbona risasi ina 82? Pengo la 6 ni beta 6.

Hatua ya 6: nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi huoza. Sarafu ni atomi, kichwa ni kuoza. Tia sarafu 64 kwenye kopo, tikisa, mwaga mezani, ondoa zilizoonyesha kichwa. Rudia. Zitabaki 32 hivi, kisha 16 hivi. Darasani kwangu zilibaki 29, kisha 17, na wakanishtaki kwamba nimewadanganya. Kila ukimwaga, nusumaisha moja imepita: siku 24 kwa thori-234, miaka bilioni 4.5 kwa urani-238. Na sarafu iliyonusurika mara tatu, safari ya nne ina nafasi ileile ya kuondoka kama siku ya kwanza.